Soko ni la Anayeweza Kungoja

Kuna kijana fulani ambaye lazima umekutana naye, na kama hujakutana naye basi pengine ni wewe. Ana miaka ishirini na kitu, ana simu nzuri kuliko yangu, na juzi amegundua Margaret Thatcher. Ameona klipu zake bungeni akiwachapa wapinzani kwa maneno, akapenda. Siku hizi mjadala uwe wa unga, karo au hospitali, jibu lake ni moja: serikali itoke njiani, soko liamue. Ukimwambia bei ya majani chai imeanguka Nyamira, anasema wakulima wang'oe wapande parachichi. Ukimwambia karo imepanda, anasema elimu ni bidhaa kama bidhaa nyingine, kama huna doh tafuta kitu kingine cha kufanya.

Simlaumu kwa kuichukia serikali. Amekulia Kenya. Ameambiwa "rudi kesho" na ofisi zote anazozijua, amelipia cheti cha kuzaliwa mara mbili, na ameona mheshimiwa akijenga ghorofa kwa mshahara ambao haujengi hata choo. Mtu kama huyo akisema serikali ni mwizi, wewe utambishia na nini?

Ninachobishana naye ni kile anachodhani kitakuja serikali ikitoka. Anaamini soko ni uwanja ambapo watu wawili walio sawa hukutana, wakapatana bei, kila mmoja akaenda zake akiwa ameridhika. Mimi nimekulia kwenye majani chai. Nilichoona huko ni kwamba mwenye uwezo wa kungoja humla asiye na uwezo huo, na kazi kubwa ya siasa za soko huria, kwao na kwetu, imekuwa kuamua nani atapewa uwezo wa kungoja na nani atanyang'anywa.

Tuanze na jani lenyewe.

Jani la chai likishachumwa, saa yake imeanza kuhesabiwa. Lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo linanyauka na kuungua ndani ya gunia. Kwa hiyo mkulima wa Kebirigo au Kiamokama hawezi kusema, "Bei ya leo siipendi, nitarudi wiki ijayo." Anapeleka kituoni, anapimiwa, anapewa karatasi. Mwisho wa mwezi analipwa kiasi kidogo kwa kila kilo. Kile kinachobaki, bonasi, kinakuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi hivi. Lakini shule haifunguliwi mwezi wa kumi. Mtoto haugui mwezi wa kumi tu.

Ndiyo maana kuna wachuuzi wa majani. Wanakuja na pikapu barabarani, wanapima hapo hapo, wanalipa pesa taslimu. Bei yao ukijumlisha mwaka mzima mara nyingi haifiki ile ya kiwanda na bonasi yake, na kila mtu kijijini anajua. Mama anayemuuzia mchuuzi gunia lake hajakosea hesabu. Hesabu anaijua kuliko mimi na wewe. Alichokosa ni muda.

Sasa nenda upande wa pili wa kamba hiyo hiyo. Chai ikishatengenezwa inapelekwa kwenye mnada wa Mombasa, unaofanyika kila wiki, kwa dola. Mnunuzi wa huko ana maghala, ana mkopo wa benki, ana chai ya nchi nyingine anayoweza kuchanganya na ya kwetu. Bei isipomfaa Jumanne hii, Jumanne nyingine ipo. Kati ya Nyansiongo na Mombasa, kila hatua unayopiga unakutana na mtu anayeweza kungoja kuliko yule uliyemwacha nyuma. Bei inafuata mstari huo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema huumiza matumbo ya nani.

Thatcher mwenyewe alilijua jambo hili vizuri kuliko mashabiki wake. Alikuwa binti wa mwenye duka, Grantham, na mwenye duka anajua maana ya kuwa na mzigo stoo. Aliingia madarakani 1979. Mwaka 1981 wachimba makaa ya mawe walipotishia kugoma kwa sababu ya migodi iliyotaka kufungwa, alirudi nyuma. Hakuwa ameshawishika. Akiba ya makaa ilikuwa ndogo, na angegongana nao wakati huo angeshindwa. Kwa hiyo serikali yake ikakaa miaka mitatu ikirundika makaa kwenye vituo vya umeme, kimya kimya. Mgomo mkubwa ulipoanza Machi 1984, wachimbaji walikuwa na njaa na serikali ilikuwa na milima ya makaa. Polisi wakamwagwa kwa maelfu. Mwaka mmodi baadaye, Machi 1985, wachimbaji wakarudi kazini bila mkataba wowote.

Hapo ni soko liliamua? Serikali ndiyo iliyoamua, baada ya kujinunulia uwezo wa kungoja kwa pesa za umma. Akina Thatcher walihubiri serikali ndogo, lakini palipokuwa na mtu wa kuvunjwa mgongo walitumia serikali kubwa sana. Na hawakuona tatizo kufanya urafiki na serikali kubwa za wengine. Januari 1988 alikuja Kenya akiwa mgeni wa Moi. Wiki chache baadaye Wakenya wakapangwa foleni kwenye uchaguzi wa mlolongo, ambapo foleni fupi iliweza kutangazwa mshindi mchana kweupe. Uhuru wa soko na uhuru wa mtu, kumbe, vinaweza kusafiri kwa ndege tofauti.

Lakini tuache ndege, tuongee maziwa. Maziwa ndiyo hadithi yote.

Mwaka 1971, kabla hajawa Waziri Mkuu, Thatcher alikuwa Waziri wa Elimu. Akaondoa maziwa ya bure shuleni kwa watoto wa zaidi ya miaka saba. Waingereza wakamwita mpokonya maziwa, na jina likamganda maisha yake yote. Mwaka 1979, ule ule alioingia Downing Street, Moi akaanza kugawa maziwa shuleni Kenya. Muulize mzazi wako kuhusu maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembe tatu, halafu angalia uso wake. Watu walionyanyaswa na Moi kwa kila kitu kingine bado wanatabasamu wakikumbuka maziwa.

Maziwa yale yalipitia KCC, shirika lililoanzishwa na walowezi 1925 na ambalo baada ya uhuru lilianza kuchukua maziwa ya mkulima mdogo pia. Watu wa Nyamira na Kisii wana jirani Sotik, hapo ng'ambo tu ya mpaka, palipo na kiwanda chake. Halafu zikaja zile sera za marekebisho ya kiuchumi. Kenya ilichukua mkopo wa kwanza wa aina hiyo kutoka Benki ya Dunia mwaka 1980, na masharti yakawa yanaongezeka kila mkopo: ondoa ruzuku, ondoa udhibiti wa bei, fungua soko, punguza wafanyakazi. Mwaka 1992 soko la maziwa likafunguliwa na KCC ikapoteza ukiritimba wake. Maziwa ya shule nayo hayakuvuka miaka ya tisini.

Sasa shika hii, kijana wangu, maana hautaiona kwenye klipu. Uingereza yenyewe ilikuwa na bodi ya kisheria ya kuuza maziwa tangu 1933. Mkulima wa kule aliuza maziwa yake kupitia bodi hiyo, kwa bei ya pamoja, awe karibu na mji au mbali. Thatcher alitawala miaka kumi na moja na nusu. Aliuza simu, akauza gesi, akauza ndege, akauza maji. Bodi ya maziwa aliiacha ilivyo. Ilivunjwa 1994, miaka minne baada yake kuondoka, na miaka miwili baada ya sisi kuambiwa tufungue soko letu. Na muda huo wote mkulima wa Uingereza alikuwa akila ruzuku za Jumuiya ya Ulaya, zilizokuwa nono kiasi kwamba Ulaya ilirundika siagi kwenye maghala mpaka watu wakaiita mlima.

Yaani dawa ambayo daktari hakumpa mtoto wake, alitupa sisi kwanza.

KCC iliporomoka, ikiwa imeshanyonywa na watu wa ndani. Mwaka 2000 ikauzwa kwa bei ya kutupa kwa watu waliokuwa karibu na wakubwa. Mwaka 2003 serikali ya Kibaki ikairudisha kwa umma, ikapewa jina la New KCC. Na Novemba 2023, orodha ya mashirika kumi na moja ya kuuzwa ilipotoka, New KCC ilikuwemo. Tunazunguka mti ule ule tukidhani tunasafiri.

Najua jibu linalokuja. "Lakini hayo mashirika yalitumaliza!" Kweli kabisa. Na kama kuna mahali pa kulisema hilo, ni Gusii, kwa sababu sisi tulikuwa na pareto. Kuna wakati Kenya ilitoa sehemu kubwa ya pareto yote ya dunia, na milima yetu ilikuwa myeupe kwa maua yake. Watu walisomesha watoto kwa pareto. Bodi ya umma ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee. Halafu bodi ikaanza kuchelewesha malipo. Miezi ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Wakulima wakang'oa. Hakuna Mwingereza aliyefanya hivyo. Ni sisi.

Lakini hebu angalia bodi ilimuua mkulima kwa silaha gani. Ilimngojesha. Ilijua hana pa kwenda, hana akiba, hana wakili, ikakaa na pesa zake. Ni ujanja ule ule wa mwenye ghala Mombasa, ila huyu alikuwa na nembo ya serikali mlangoni. Kwa hiyo hoja yangu haijawahi kuwa kwamba serikali ni nzuri na soko ni baya. Nauliza nani anashikilia saa. Mwaka 2013 sheria ikawafungulia kampuni binafsi biashara ya pareto. Maua hayajarudi milimani kama zamani, kwa sababu mkulima aliyeumwa na nyoka haulizi nyoka huyu mpya amesajiliwa wapi.

Na kwenye chai tulifanyiwa ule mchezo wa Uingereza kabisa. KTDA ilianza 1964 kama mamlaka ya serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya shirika la umma la Uingereza la maendeleo. Soma tena hapo: mkulima mdogo wa chai, yule anayesifiwa kama mfano wa bidii ya mtu binafsi Afrika, alitengenezwa na serikali mbili na benki moja ya umma. Miche, barabara, mafunzo, viwanda. Soko halikupanda hata mche mmoja Nyamache. Halafu mwaka 2000 KTDA ikabinafsishwa, na mkulima akaambiwa hongera, sasa wewe ni mwanahisa.

Waingereza waliambiwa hivyo hivyo walipouziwa hisa za British Telecom 1984 na British Gas 1986. Kila mtu awe bepari mdogo! Wengi waliuza hisa zao haraka, wakala faida ya siku moja. Unadhani zilienda wapi? Zilienda kwa mifuko mikubwa ya fedha, iliyoweza kukaa nazo. Na mwanahisa wetu wa Tombe au Ogembo? Ana cheti. Hisa zake haziwezi kumlipia karo Januari, na sauti yake kwenye mkutano mkuu ni ya kupiga makofi. Kila mwaka bonasi ikitangazwa, wa magharibi ya Bonde la Ufa anajua mapema kwamba atapata kidogo kuliko wa mashariki, anapiga kelele wiki mbili, halafu anarudi shambani kwa sababu jani halijui siasa.

Mwaka 2021 serikali ilijaribu kuweka bei ya chini kabisa mnadani, dola 2.43 kwa kilo. Ilishangiliwa. Lakini wanunuzi walifanya nini? Walingoja. Chai ikarundikana Mombasa, hasa ya kwetu, na baadaye bei hiyo ikaondolewa. Kijana wa Thatcher anasema hiyo ni ushahidi kwamba bei haipangwi na serikali. Mimi nasema ni ushahidi kwamba ukimwambia mtu asiuze chini ya bei fulani bila kumpa ghala, pesa ya kuishi na mnunuzi mwingine, umempa kibandiko tu. Thatcher alirundika makaa kwanza, ndipo akasema hapana. Sisi tulisema hapana kwanza.

Na elimu, ambayo kijana anasema ni bidhaa. Uingereza ilipitisha sheria ya mikopo ya wanafunzi mwaka 1990, mwaka wa mwisho wa Thatcher. Kenya ikaanza kuwatoza wanafunzi wa vyuo vikuu karo mwaka 1991, kwa jina tamu la kugawana gharama. Mwaka 1998 serikali ikasimamisha kuajiri walimu moja kwa moja baada ya chuo. Katika Gusii, ambako kila boma lina mwalimu au mtu aliyesomea ualimu, hilo lilikuwa pigo la tumbo. Mwaka huo huo walimu waligoma wakidai nyongeza waliyoahidiwa 1997, na serikali ikasema haina pesa. Waziri wa Fedha alikuwa nani? Simeon Nyachae, mtoto wetu kabisa. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba sera hizi zililetwa na wazungu peke yao. Zilisainiwa kwa kalamu zetu pia.

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili. Sitataja chuo gani, hakina tofauti na vingine. Salio langu la karo lilikuwa kama bonasi ya mathe ya mwaka mzima, na mtihani ulikuwa mwezi wa nne. Nilienda ofisini nikaeleza kwamba pesa ya chai inakuja Oktoba. Yule karani hakuwa mtu mbaya. Aliniambia mfumo hauruhusu, hukai mtihani na salio. Yaani kiwanda kina haki ya kumngojesha mathe miezi, chuo hakiwezi kuningoja miezi sita, na katikati ya hizo ratiba mbili ndipo shahada yangu ilipotelea. Halafu 2023 ukaja mfumo mpya wa kufadhili vyuo, unaompima kila mwanafunzi umaskini wake na kumpangia mkopo, na nikaona wadogo zangu wakipigana na kompyuta wakijaribu kuithibitishia kwamba nyumbani hakuna kitu.

Kuna jambo moja ambalo kijana wangu na mimi tunakubaliana: kodi. Basi nimpe zawadi. Kilichomwangusha Thatcher si wajamaa. Ni kodi ya kichwa. Alitaka mtu mzima katika eneo moja alipe sawa na mwingine, mwenye jumba na mwenye chumba kimoja. Babu zetu wa Gusii wangemweleza. Mwingereza alitupiga 1905, akatupiga tena 1908, kisha akatuletea kodi ya nyumba na kodi ya kichwa ili tutoke mashambani tukamfanyie kazi. Waingereza walipoonjeshwa dawa hiyo wenyewe, walijaa Trafalgar Square tarehe 31 Machi 1990, London ikawaka, na kufikia Novemba chama chake mwenyewe kilikuwa kimemtoa.

Sasa angalia bima yetu ya SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, hata awe nyanya anayeuza chinsaga Keroka, hawezi kulipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 mkononi, kwa mtu anayehesabu siku kwa siku. Hata huruma yetu inamtaka maskini awe na akiba kwanza.

Mwaka 1987 Thatcher aliliambia jarida moja la wanawake kwamba hakuna kitu kinachoitwa jamii, kuna watu na familia zao. Kwa haki, aliongeza kwamba mtu ajitunze kisha amtunze jirani. Lakini Omogusii aliyewahi kuitwa kwenye risaga, watu wakakusanyika wakalima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, anajua jirani hakuja *baada* ya kila mtu kumaliza lake. Walikuja pamoja kwa sababu mvua haingoji mtu mmoja amalize peke yake. Risaga ilikuwa chombo cha kuwapa wasio na muda muda.

Hicho ndicho ninachodai, na si ujamaa wa vitabuni. Mkulima alipwe sehemu kubwa ya haki yake kila mwezi, si mara moja kwa mwaka. Viwanda vyetu viwe na maghala na mtaji wa kukataa bei mbovu, na vipaki chai yao badala ya kuimwaga yote mnadani. New KCC isiuzwe mpaka mtu aeleze maziwa ya jioni ya Nyamira yataenda wapi mnunuzi mpya akiamua njia yetu haina faida. Mwanafunzi akae mtihani, deni lifuate baadaye. Mgonjwa alipe bima kwa namna anavyopata, kidogo kidogo.

Kijana wa Thatcher atasema hayo yote ni kuingilia soko. Ndiyo, ni kuingilia, kama alivyoingilia yeye na milima yake ya makaa. Siku mama wa Kebirigo ataweza kumwambia mnunuzi "bei yako sitaki, rudi kesho" na watoto wake bado wakala jioni hiyo, nipigie simu. Nitakuja mwenyewe tuliimbie soko huria, na soda nitanunua mimi.